Masikio ya Farasi

Anayetaka kumpiga picha farasi malishoni aanze na masikio. Macho humchanganya mtu: yamekaa pembeni mwa kichwa, yanaona karibu duara zima, huwezi kujua yanakutazama wewe au nyasi zilizo nyuma yako. Masikio hayafichi kitu. Yakisimama kuelekea mbele, amekuona na anakupima. Yakilazwa bapa kisogoni, funika lenzi uondoke taratibu.

Nawafikiria farasi wa Camargue, kusini mwa Ufaransa, pale mto Rhône unapogawanyika kuingia baharini. Ni wafupi, imara, hula nyasi za vinamasi, na wachungaji wa ng'ombe wa huko ndio huwapanda. Huzaliwa weusi au wa kahawia. Weupe huwajia ukubwani.

Weupe huo ndio mtihani wenyewe. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera huichukulia dunia yote kuwa ya kijivu. Ukikiachia kiamue, farasi mweupe hutoka kama aliyelala kwenye majivu ya jikoni. Lazima umwongezee mwanga kidogo, lakini ukizidisha, singa zote zinayeyuka kuwa doa moja jeupe. Jua la utosini liache lipite. La asubuhi, linalokuja ubavuni, huupa kila msuli wa bega kivuli chake.

Lenzi pana ukiwa karibu humpa pua kubwa na vijiguu vya mbuzi. Rudi nyuma, chukua lenzi ndefu, piga goti kamera ilingane na kifua chake.

Mbio zina sifa zake. Wachoraji walizoea kumchora farasi wa shoti akiwa ametandaza miguu mbele na nyuma, hadi mwaka 1878 Eadweard Muybridge alipopanga safu ya kamera huko Palo Alto, California, ikaonekana kwamba miguu yote huiacha ardhi ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Ugunduzi mkubwa, sikatai. Lakini mimi namtaka jike anayesinzia wima: mguu mmoja wa nyuma umelegea, ncha ya ukwato inagusa tope, mdomo wa chini unaning'inia.

Huyo hafuatwi moja kwa moja. Tembea mshazari. Sikio likikugeukia, simama, tazama pengine. Likilegea, ongeza hatua mbili. Mwenye haraka aende kwenye mashindano, huko farasi humjia wenyewe.