kf, kc, ee: herufi mbili zinazotuchelewesha tereni

Wenzangu ma-agronome, kila mmoja wetu aliyefanya ankete Masisi ao Walikale anajua KoboCollect. Wachache njo wameisha kujiuliza juu ya nini kwenye telefone tunaandika kc.kobotoolbox.org, na kwenye kompyuta tunafungua kf.kobotoolbox.org.

Kobo imegawanywa kwa moduli, na kila moduli ina subdomeni yake. kf ni ya kutengeneza formu na kuangalia data, kc inapokea formu kutoka telefone, ee ni ya kujaza formu ndani ya brauza. Kwa mwenye kuendesha seva, mpango huu ni mzuri. Majina yote matatu yanaweza kuelekea mashine moja. Seva inasoma jina lililoombwa na kupeleka ombi kwa moduli yake. Kuki ya kuingia inawekwa kwenye domeni mama, basi moduli moja ikikutambua, ingine haikuulize tena neno la siri. Sina neno hapo, ni kazi safi.

Shida ni kwamba mtu wa tereni anapewa herufi mbili zisizomwambia kitu. Tena kuko seva ya pili, ya Ulaya: kc-eu.kobotoolbox.org. Ukiwa na konti huko na ukaandika ile ya kwanza, telefone inakatala jina na neno la siri, kumbe vyote viko sawa. Anketeri anabadilisha neno la siri bure. Goma, hiyo ni dakika 10 za kuchekana. Walikale, kwenye unapanda kilima kutafuta rezo, siku inaisha. Na kama liste ya mbegu inafungwa mbele ya msimu A wa Septemba, familia isiyoandikwa haipate mbegu.

Kodi ya QR inaweza kubeba adresi yote, na KoboCollect inaisoma. Lakini mradi mmoja nilioutumikia ulikuwa bado unaandika adresi na biki kwenye karatasi!

Wale wanaosimika Kobo kwenye seva yao wana nafasi nzuri zaidi: wakati wa kusimika wanaulizwa majina ya subdomeni, na kf, kc, ee ni pendekezo tu. Juu ya nini wasiweke "tunga", "tuma" na "jaza"? Ni majina matatu ya kuandika kwenye DNS, na cheti cha https kinachoyafunika yote. Wafanye hivyo mbele ya kugawa telefone.