Akili Nyingi au Akili za Namna Nyingi?

Mwaka 1983 Howard Gardner wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa kitabu chake Frames of Mind. Humo aliipinga dhana iliyotiwa nguvu na Spearman mwaka 1904, yaani kwamba nyuma ya kazi zote za akili pana uwezo mmoja wa jumla. Gardner alitaja akili saba: ya lugha, ya mantiki na hesabu, ya muziki, ya mwili na mwendo, ya maumbo na nafasi, ya kuwaelewa watu, na ya kujielewa mwenyewe. Baadaye aliongeza ya nane, ya kutambua viumbe na vitu vya asili.

Neno lenyewe lataka kuangaliwa kwanza. Katika Kiingereza kulitia neno hilo katika hali ya wingi kulikuwa jambo geni, na sehemu ya nguvu ya kitabu ilitoka hapo; Gardner mwenyewe amekiri kwamba kama angeliandika juu ya vipaji saba, kitabu kisingelisikika kiasi kile. Katika Kiswahili ugeni huo haupo. Akili ni jina lenye umbo moja katika umoja na wingi. Watu husema "akili yake" na "akili zake" pasipo mtu kushtuka. Tena "akili nyingi", ambayo baadhi ya waandishi wameitumia kuitaja nadharia hii, kwa msikilizaji wa kawaida ni wingi wa kiasi, wala si wingi wa aina: mwenye akili nyingi ni mwerevu sana, basi. Hivyo mwalimu huweza kusoma katika jina la nadharia maana ile ile ambayo mwenye nadharia alitaka kuiondoa. "Akili anuwai" ni afadhali, ingawa bado ni neno la vitabuni.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, si la tafsiri. Wengi waliotunga masomo kwa kuifuata nadharia hii wamegeuza maelezo ya uwezo kuwa mgawanyo wa watoto: huyu ni wa muziki, huyu wa picha, yule wa mwili, na kila mmoja apewe somo kwa njia yake. Gardner hakufundisha hivyo, naye amekataa waziwazi akili zichanganywe na mitindo ya kujifunza. Pashler na wenzake, walipoupitia mwaka 2008 uchunguzi juu ya mitindo hiyo, hawakuona ushahidi wa kutosha wa kuwagawa wanafunzi kwayo. Wala nadharia yenyewe haikusalimika: mwaka 2006 Visser, Ashton na Vernon walipima akili zote nane, wakaona kwamba nyingi, kama ile ya lugha, ya mantiki na ya maumbo, hushikamana na uwezo ule wa jumla, ya muziki na ya mwili zikiwa miongoni mwa zilizosimama mbali zaidi.

Mathalani somo la utenzi. Ubeti una vipande vinne, kwa kawaida vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne huchukua kina kinachoendelea hadi mwisho wa utenzi. Mambo haya hayashikiki kwa jicho peke yake. Yapasa darasa zima lighani, lihesabu mizani kwa vidole, na kuuona ubeti ulivyopangwa ubaoni. Si kwa sababu wamo watoto wa muziki na watoto wa picha, bali kwa kuwa utenzi wenyewe ni sauti, hesabu na umbo. Asiye na sikio la muziki ndiye ahitajiye zaidi kughani. Akiambiwa achore mashua badala yake, amenyimwa somo, na unyimwaji huo umepewa jina zuri.

Liko na jambo la lugha ya kufundishia. Katika shule nyingi za sekondari za Tanzania masomo mengi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kwa watoto waliosoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Anyamazaye katika biolojia ni rahisi kuandikwa kuwa akili yake ya lugha ni dhaifu, hali nyumbani ndiye msimulizi wa hadithi. Hapa nadharia ya Gardner ina faida, kwani humzuia mwalimu asimhukumu mtoto kwa mtihani mmoja. Lakini kabla ya kumtafutia ngoma au rangi, yafaa mtoto huyo aulizwe swali lile lile la biolojia kwa Kiswahili.