Maktaba ya pamoja ya Steam haina kazi kwenye NTFS

Mlioiona kompyuta ya michezo iliyopangwa majuzi hapa Mulongwe, Uvira, mnajua fundi alianza vizuri: Windows kwenye SSD yake, Linux kwenye SSD yake, kila upande na sehemu yake ya EFI. Hapo sina neno.

Aliharibu kwenye diski ya tatu, ile ya TB 1. Aliiformati NTFS, akaweka maktaba moja ya Steam, mifumo yote miwili ichezee humo. Sababu yake tunaijua: mega za intaneti ni ghali, nani atashusha mchezo wa GB 60 mara mbili? Lakini fungueni folda ya compatdata ndani ya maktaba hiyo, shukeni mpaka dosdevices. Proton, inayochezesha michezo ya Windows kwenye Linux, tangu Valve ilipoitoa mwaka 2018, huunda humo viungo vyenye majina «c:» na «z:». Windows hairuhusu nukta mbili ndani ya jina la faili. Siku chkdsk, kikagua diski cha Windows, itakapopita, itaviona ni uharibifu, na mchezo uliochezwa jana utagoma kufunguka.

Halafu kuna umeme. Ukikatika Uvira, au betri ya sola ikiisha kule juu Rurambo, wakati diski inaandika, NTFS hubaki na alama ya uchafu. Ntfs3, kiendeshi cha NTFS kilichoingia kwenye kerneli ya Linux 5.15 mwaka 2021, hukataa kuifungua. Ndipo vijana hukimbilia ntfsfix, au huandika «force» kwenye fstab. Nimelisema hili miaka na sitachoka: ntfsfix hufuta alama, haitengenezi diski. Anayetengeneza ni chkdsk, ndani ya Windows. Na Fast Startup, tuliyoletewa na Windows 8 mwaka 2012, fundi hakuizima. Ukizima mashine, Windows inalala tu, na diski inabaki mikononi mwake.

Szabolcs Szakacsits, aliyetupatia ntfs-3g ya kutegemewa ya kuandika NTFS kutoka Linux mwaka 2007, alikuwa makini zaidi: programu yake ikikuta Windows imelala, haiandiki kitu. Mafundi wa enzi za CD za Ubuntu, zilizotumwa bure kwa posta hadi 2011, nao walijua mpaka. Sehemu ya pamoja ilikuwa FAT32, ya nyimbo na nyaraka, kamwe si ya programu. Valve yenyewe, kwenye Steam Deck ya 2022, ilichagua ext4 hata kwa kadi ya kumbukumbu.

Diski ile igawanywe upya: GB 700 ext4 kwa Steam ya Linux, inayobaki NTFS kwa filamu, kwa Steam ya Windows na kwa michezo kama Valorant, isiyokubali Linux. Mchezo unaotakiwa pande zote mbili unakopiwa ukiwa Linux, kutoka folda ya common ya NTFS hadi common ya ext4. Ukibonyeza kusakinisha, Steam hukagua faili zilizopo na kushusha kilichopungua tu. Mega zimeokolewa, na hakuna mfumo unaoandika kwenye faili za mwenzake.