Kutawanya, Kutapanya, Kutandaza: Neno Moja la Kiingereza na Visawe Vyake

Mwanafunzi afasiriye kutoka Kiingereza hukutana mapema na neno "scatter", nalo humdanganya kwa urahisi wake. Hufungua kamusi, akaona maneno manne au matano yamepangwa safu moja, yametengwa kwa mikato tu, akachukua lililo la kwanza au lile alilolizoea. Kamusi zilizotolewa mwaka 1939 chini ya uongozi wa Frederick Johnson, na zile za Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili zilizofuata, zimetutendea wema mkubwa; lakini kamusi ya lugha mbili haina nafasi ya kueleza kila tofauti, na mkato machoni pa msomaji huonekana kama alama ya usawa. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo hayako sawa, na kwamba kuyachanganya huweza kupotosha hata historia.

Tuanze na neno lenyewe la Kiingereza. Wachunguzi wengi wa asili ya maneno ya lugha hiyo hulihesabu kuwa ndugu wa "shatter", maana yake kuvunja vipande vipande. Picha iliyomo ndani yake ni ya chombo kilichoanguka, vigae vikaruka huku na huku. Mwingereza hulitumia kwa mbegu, kwa kondoo, kwa karatasi zilizochukuliwa na upepo, kwa jeshi lililoshindwa, hata kwa nuru ipitayo katika vumbi. Neno moja lamtosha kwa yote hayo, kwa kuwa aangalia matokeo: vitu vilivyokuwa karibu sasa viko mbali.

Kiswahili hakikuridhika na matokeo peke yake. Tutazame "tawanya". Mwisho wake wafanana na ule wa "gawanya", "changanya" na "kusanya", na kufanana huko si bahati nasibu. Katika "gawanya" twaona wazi hatua zake: gawa, gawana, kisha gawanya, kama vile "pona" huzaa "ponya" na "ona" huzaa "onya". Ile -an- ya kutendana imo ndani. Maneno ya jamaa hii yote huhitaji vitu vingi vyenye uhusiano wao kwa wao. Hatuwezi kumtawanya mtu mmoja, kama tusivyoweza kumkusanya mtu mmoja. Atawanyaye huvunja mkutano, kundi, jeshi au ukoo. Huondoa ule uhusiano uliowafanya wengi kuwa kitu kimoja. Basi, mtu asemapo "wametawanyika" amekwisha kutuambia, pasipo kutamka, kwamba hapo awali walikuwa pamoja.

Jirani yake ni "tapanya". Katika kamusi maneno haya mawili hukaa ubavu kwa ubavu, lakini watumiaji hodari huyatenga. Wafasiri wa Biblia ya mwaka 1952 walipofika kwenye habari za Babeli walitumia "tawanya" kwa watu waliopelekwa pande zote za dunia. Walipofika kwenye habari za mwana mpotevu walitumia "tapanya" kwa mali aliyoiharibu ugenini. Uchaguzi huo ni wa masikio yaliyozoea lugha. Waliotawanywa huweza kukusanywa tena. Kilichotapanywa kimepotea, na aliyekitapanya ana lawama. Mwandishi asemaye kwamba serikali fulani "imetawanya" fedha za shule amemwondolea mkosaji nusu ya kosa lake. Na asemaye kwamba mwalimu "ametapanya" vitabu darasani, akitaka kusema amewagawia wanafunzi, amemshitaki mtu asiye na hatia.

Yako maneno mengine yasiyo na mvunjiko wala hasara ndani yake. Mtu aliyekwenda Pemba wakati wa mavuno ameona karafuu zilizochambuliwa zikianikwa juu ya majamvi. Mkulima hazitawanyi karafuu zake, wala hazitapanyi. Huzitandaza, ili kila punje ipate jua, na jioni huzianua. "Tandaza" ni neno la utaratibu na nia njema. Shina lake, "tanda", ndilo lililotupa kitanda, utando, na siku hizi mtandao na utandawazi. "Enea" nalo halina pengo: chakula kilichoenea kimemfikia kila mmoja. "Sambaa" hufuata njia, kama habari au mizizi, kikitoka mahali kikifika mahali. "Zagaa" na "tapakaa" ni maneno ya jicho lililochoka: taka zimezagaa, matope yametapakaa, hapana aliyeviweka hapo kwa makusudi.

Kwa hiyo mfasiri hana budi kuuliza maswali matatu kabla ya kuandika. Je, vitu hivi vilikuwa pamoja kwanza? Je, kutengana kwao ni faida au hasara? Na ni nani aliyevitenganisha?

Swali hili la mwisho lataka uangalifu zaidi, kwani sarufi yetu hutupa mlango wa kulikwepa. Twasema "watu walitawanywa", na msikilizaji hungoja kusikia na nani. Twasema "watu walitawanyika", naye hangoji kitu. Kiambishi -k- hueleza hali, humwacha mtenda nje ya sentensi. Kina kazi yake halali: mawingu hutawanyika, na mkutano uliokwisha hutawanyika kwa hiari. Lakini tusomapo kwamba wakulima wa kijiji fulani "walitawanyika" baada ya mashamba yao kuchukuliwa, imetupasa kusimama. Mwandishi ameeleza msiba kana kwamba ni hali ya hewa.

Nitoe mfano mmoja mkubwa. Katika maandishi mengi juu ya vijiji vya Tanzania husomwa kwamba zamani watu waliishi katika "makazi yaliyotawanyika". Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa Rais wa Jamhuri mwezi Desemba 1962 aliwahimiza wananchi kuishi vijijini, na sababu zake zilikuwa nzito: trekta, shule, maji na matibabu haviwezi kuifikia kila nyumba iliyo peke yake. Ushawishi huo ukaendelea kwa miaka kadhaa, hata kati ya mwaka 1973 na 1976 ukageuka amri, na mamilioni ya watu wakahamishwa, wengine kwa nguvu. Sizungumzii hapa uzuri au ubaya wa siasa hiyo. Wanahistoria wameifanya kazi hiyo. Nauliza juu ya neno. Kaya za Usukuma na Ugogo zilitawanywa lini, na kutoka wapi? Ziliachana kwa sababu kila moja ilihitaji mashamba na malisho kando yake. Hazikuwa vigae vya chungu kilichovunjika. Lakini tukisema "yaliyotawanyika", tumekwisha kudai kwamba palikuwa na umoja uliopotea, na kwamba kuwahamisha watu ni kuwarudisha. Neno limetoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Kusema "makazi yaliyoachana", au "nyumba zilizo mbalimbali", kungalieleza jambo lile lile pasipo kulihukumu.

Yawezekana mtu akajibu kwamba lugha haisimami, na kwamba "tawanyika" leo ni sifa tu, isiyobeba historia yoyote. Jibu hilo lina uzito. Nchini Kenya, kwa mfano, "kusambaza" kumepata maana ya kumpelekea mtu mmoja salio la simu, ingawa hapo zamani neno hilo lilitaka wapokeaji wengi. Wala hapana mwenye akili atakayewakataza watu kulisema. Matumizi ya wengi ndiyo sheria ya lugha. Lakini mabadiliko hayo ya simu yameleta maana mpya kwa kazi mpya. Lile la makazi halikuleta maana mpya: limeitumia ile ya zamani kimyakimya, nalo hupata nguvu yake kwa sababu masikio yetu bado yasikia "kusanya" nyuma ya "tawanya".

Haifai, basi, kuwalaumu watunga kamusi. Wao wametupa ghala. Kuchagua ni juu yetu. Ningependa kuona katika madarasa yetu zoezi dogo: wanafunzi wapewe sentensi kumi za Kiingereza zenye neno hilo moja, nao watoe kwa kila sentensi kitenzi cha Kiswahili pamoja na sababu ya kukichagua. Wengi wataona kwamba sababu ni ngumu kuliko jibu. Atakayeweza kueleza kwa nini kondoo hutawanyika, urithi hutapanywa, karafuu hutandazwa na taka huzagaa, atakuwa tayari kumuuliza mwandishi wa historia au wa gazeti kwa nini alichagua neno lile aliloliandika.