Kijiti Kinachomaliziwa Mdomoni

Mswaki mzuri hujulikana kwa uzito wake. Kijiti kibichi kimebeba maji ya mti, na mkononi ni kizito kuliko kinavyoonekana. Kikavu ni chepesi, na nyuzi zake huchoma ufizi. Ndiyo maana muuza miswaki anayeijua kazi yake, nje ya misikiti ya Mombasa au Unguja, huliweka fungu lake kivulini na kulifunika kwa kitambaa kilicholoweshwa. Maji yale ni nusu ya bidhaa yake.

Mti wenyewe, Salvadora persica kwa wataalamu wa mimea, huvumilia chumvi na ukame. Huota karibu na bahari na pia katika nyika kavu kama za Tsavo na Turkana. Mkataji hutafuta tawi au mzizi wenye unene wa kidole cha mwisho. Chembamba zaidi ya hapo huvunjika, na kinene hakiwezi kuyafikia magego. Penye kifundo hupaacha, kwa kuwa nyuzi hupinda pale na haziachani vizuri. Kisha hukata urefu wa shubiri moja, kijiti kikae sawasawa kiganjani.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba muuza miswaki hukuuzia kazi ambayo haijaisha. Unaimalizia mwenyewe kwa meno. Unamenya gome kiasi cha sentimita moja, unaisuuza ncha, halafu unaitafuna polepole, bila pupa, mpaka nyuzi ziachane na kulainika. Wengi hudhani kule kutafuna ni maandalizi tu. La hasha, tiba imekwisha kuanza. Meno yakibana kijiti na ulimi ukionja ule ukali unaofanana na wa haradali, tezi za mate huamka, zikiwemo zile kubwa zilizo mbele ya masikio. Mate huongezeka mara kadhaa, na hubadilika pia: yanakuja na bikaboneti nyingi zaidi ya kuzima asidi, pamoja na kalsiamu na fosfati za kuimarisha jino.

Kazi hiyo si ndogo. Gamba la nje la jino huanza kuyeyuka asidi ya mdomo inapofikia kiwango cha pH 5.5 hivi, na sukari ya kikombe cha chai tamu au soda huwawezesha bakteria wa mdomoni kuifikisha huko kwa dakika chache. Kinywaji hakitafunwi. Kinapita na kuacha sukari yake, huku mate yakiachiwa kibarua cha nusu saa au zaidi kurudisha hali. Anayetafuna mswaki baada ya chai huyaongezea mate nguvu wakati ule ule yanapohitajika.

Baada ya hapo ndipo kupiga mswaki kwenyewe. Mkono mwepesi huanzia kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, ukiondoa ukoga jino baada ya jino, nje na ndani. Anayekandamiza na kusugua kwa nguvu huuchubua ufizi na kuufanya urudi nyuma. Ncha ikichakaa hukatwa, gome jipya likamenywa, na brashi ikazaliwa upya.

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya mswaki huu mahali ulikozoeleka. Floridi yake ni kidogo, hivyo dawa ya meno yenye floridi bado inahitajika, hasa kabla ya kulala, kwa kuwa usingizini mate hupungua sana. Lakini mchana, safarini, au saa za alasiri za Ramadhani mdomo unapokauka, sijaona chombo kinachokusanya mengi hivi katika shubiri moja ya mti.

Kwa hiyo ukinunua, kipinde kijiti kidogo uone kama kinanyumbuka, kinuse kama kina ukali, kisha mlipe muuzaji bila kumbana bei. Amekulindia maji ya mti tangu kijiti kilipokatwa, na bila hayo hungepata cha kutafuna.