Birika la Bujumbura: nani anayeunguza koili?

Chungulia ndani ya birika la umeme lililotumika mwaka mzima, liwe la mtaa wa Buyenzi au wa Rohero, utaona magamba meupe yameng'ang'ania chini. Wengi huyaita uchafu wa bomba, wengine huitupia lawama klorini. Ukweli ni kwamba maji yanaweza kuchujwa yakang'aa na kutiwa klorini ipasavyo, na magamba bado yakaota, kwa kuwa kazi hizo mbili haziondoi madini yaliyoyeyuka.

Sehemu kubwa ya maji ambayo REGIDESO, shirika la maji na umeme, husambaza Bujumbura huvutwa kutoka Ziwa Tanganyika. Lita moja ya maji ya ziwa hilo ina takriban miligramu 40 za magnesiamu na kama 10 tu za kalsiamu. Yakihesabiwa kwa kipimo cha maabara, yaani kana kwamba madini yote ni kaboneti ya kalsiamu, ugumu wa maji unakaribia miligramu 200 kwa lita. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu kwa ajili ya afya, lakini linataja kiwango cha 200 hivi kuwa ndipo magamba huanza kusumbua mabomba na mitambo. Kwa hiyo ugumu huu haumdhuru mnywaji. Mwenye shida ni birika.

Magnesiamu hiyo imetoka mbali. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu pale Bukavu na kumwaga maji Tanganyika karibu na Gatumba, ukibeba chumvi za nchi ya volkano za Virunga. Tanganyika nalo hutoa maji kidogo kupitia mto Lukuga upande wa Kongo. Mengi huondoka kwa mvuke, na mvuke haubebi chumvi. Kalsiamu nyingi hujitenga na kutuama ziwani kama chokaa, ilhali magnesiamu hubaki imeyeyuka.

Sasa washa birika. Majini, madini haya yanashikiliwa na bikaboneti. Joto likipanda, gesi ya kaboni dioksaidi hutoka, bikaboneti hugeuka kaboneti, na kaboneti ya kalsiamu hujitenga na kuganda palipo na moto mkali zaidi, yaani kwenye koili. Maji yakiendelea kuchemka, magnesiamu nayo huanguka, nyingine ikiwa haidroksaidi. Katika maji ya Tanganyika bikaboneti ni nyingi kuliko inayohitajika kuyashika madini hayo yote mawili. Maana yake ugumu wote ni wa aina inayoweza kuondoka kwa kuchemshwa. Nyumba inayochemsha lita 5 kwa siku inaweza kupata hadi gramu 1 ya magamba kila siku, ingawa sehemu yake humwagwa pamoja na maji.

Husemwa sana kwamba magamba hupandisha bili ya umeme. Kwa koili iliyozama ndani ya maji, hoja hiyo ni dhaifu: joto halina pengine pa kwenda, litachelewa lakini litaingia majini. Taasisi ya Battelle ya Marekani ilipima boila mwaka 2009 ikaona kuwa zile za gesi zilipoteza ufanisi kwa sababu ya magamba, lakini za umeme zenye tangi hazikupoteza. Kilichopungua ni umri wa koili. Sababu yake si fumbo. Gamba hupitisha joto vibaya kuliko chuma, hivyo unene wa milimita 1 unaweza kuipandishia koili makumi ya nyuzi za joto. Chuma huchoka, kikapasuka, koili ikaungua. Hasara yako iko kwa fundi, haiko kwenye mita.

Sabuni ya mche ndiyo hasara nyingine. Magnesiamu huishika na kuifanya ukoga wa kijivu unaoganda kwenye beseni na nguo. Kwa hesabu ya kemia, ndoo ya lita 20 inaweza kumeza hadi gramu 24 za sabuni kabla povu halijasimama. Sabuni ya unga huathirika kidogo, kwa kuwa huchanganywa na viungo vya kulainisha maji.

Dawa ni rahisi. Tia siki au maji ya ndimu ndani ya birika, acha saa moja, suuza. Magamba huyeyuka, mara nyingi kwa povu. Kinachobaki bila kuyeyuka huenda ni tope la bomba. Fanya hivyo kila mwezi, kabla gamba halijawa nene. Usitumie javeli: haiyeyushi magamba, na ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu. Boila iweke kwenye nyuzi 60, si 80, na kila mwaka fundi azime umeme, atoe mashapo chini ya tangi na kukagua koili. Kwa pasi ya mvuke tumia maji ya mvua yaliyokingwa safi au yaliyokenekwa.

Kichujio cha udongo au cha mkaa hakigusi ugumu wa maji, na sumaku zinazofungwa kwenye bomba hazina ushahidi wa kutosha. Mtambo wa rezini wa kulainisha maji unafaa hoteli na dobi wakubwa. Nyumba ya kawaida ya Bujumbura haina haja nao; chupa ya siki inatosha.