Mguso wa Pili

Wenzangu wa kalamu, leo nina ugomvi. Si na mchezaji wala kocha. Nina ugomvi na sisi tunaoandika. Timu ya taifa ya Kenya ya voliboli ya wanawake, hiyo tunayoiita Malkia Strikers, imetwaa ubingwa wa Afrika mara kumi, na mimi bado sijakutana na hadithi yake iliyoandikwa ikaandikika. Ninachokutana nacho ni orodha: mataji, miaka, halafu picha ya mabinti wamekumbatiana wakiruka. Orodha si hadithi, jamani. Hata daftari la madeni la mwenye duka ni orodha.

Haya, tuimalize upesi. 1991, 1993, 1995, 1997, kisha 2005 na 2007, kisha 2011, 2013 na 2015, halafu 2023. Basi. Msomaji hupewa hiyo, akaambiwa hawa ndio malkia wa bara, akakunja gazeti akafungia mandazi. Lakini mtu anayetaka kuandika riwaya akiisoma, jicho lake haliendi kwenye miaka iliyotajwa. Linaenda kwenye mapengo. Kati ya 1997 na 2005 watu walikuwa wanalala vipi? Na kati ya 2015 na 2023 je?

Hilo pengo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mataji ya 2011, 2013 na 2015 yalichukuliwa hapa Nairobi, mbele ya mashangazi na majirani. Mwaka 2017 wakaenda Yaoundé, na mwenyeji Kameruni akawavua taji katika fainali. 2019, Kairo, fainali tena, Kameruni tena. 2021, Kigali, fainali, na ng'ambo ya wavu ni nani? Kameruni. Fainali tatu mfululizo, mpinzani yule yule, jibu lile lile. Mwaka 2022 wakakutana naye ugenini kwenye mashindano ya dunia, wakamfunga. Na 2023 wakarudi Yaoundé, mji ule ule walikovuliwa taji, wakalitwaa kwa kuifunga Misri katika fainali.

Hayo ningeyabuni mimi, mhariri angenirudishia mswada akisema nimempendelea shujaa wangu. Lakini yalitokea, na sisi tukayaandika hivi: "Malkia warejesha taji." Miaka sita, maneno matatu.

Tazameni hata jina. Malkia Strikers. Nusu ya kwanza sina neno nayo, ingawa malkia gani huyu anayehesabu nauli ya matatu. Nusu ya pili ndiyo inayonikera. Striker ni mtu wa kandanda, mfungaji. Tumechukua neno la mwenye kumalizia tukawabandika wote, hata yule ambaye kazi yake nzima si kumalizia.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kando ya uwanja wa voliboli: timu ina migusano mitatu tu kabla mpira haujavuka wavu. Mmoja anapokea, wa pili anapanga, wa tatu anapiga. Huyo wa tatu ndiye anayepigwa picha. Wa pili anaitwa seta. Karibu kila shambulio hupitia vidoleni mwake, na kanuni haimruhusu kuudaka mpira. Anaugusa na kuuachia hapo hapo. Katika huo mpepeso wa jicho ameshaona nani wa upande wake amechoka, nani wa upande wa pili amechelewa kuruka, na ameamua. Akiwa hodari atautuma nyuma ya kisogo chake bila hata kugeuka, wazuiaji waruke mahali pasipo na mtu. Mpigaji akipata pointi tunaimba jina la mpigaji.

Sasa niambieni, kazi hiyo haifanani na ya mwandishi?

Chukua Janet Wanja. Alikuwa seta. Mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 20, alikuwa na timu kwenye Olimpiki ya Athens. Miaka 20 baadaye, Paris 2024, yuko na timu tena, safari hii kama mkufunzi wa mazoezi ya viungo. Desemba ya mwaka huo huo saratani ikamchukua. Mungu amrehemu. Mimi nikitaka kuiandika timu hii ningeanzia kwenye mikono yake, si kwenye kikombe. Kwa sababu mpangaji huijua timu kama mama mkwe aijuavyo nyumba: nani hajala, nani amenuna, nani anajifanya mzima na goti limevimba. Mpigaji hajui hayo. Anangoja mpira.

Mtasema, wewe unatuletea falsafa, msomaji anataka ushindi. Sawa, tuje kwenye Olimpiki basi, maana hapo ndipo uandishi wetu unapoumbuka kabisa. Wamekwenda mara nne: Sydney 2000, Athens 2004, Tokyo iliyochezwa 2021, na Paris 2024. Hawajashinda mechi hata moja. Tokyo walicheza mara tano, Paris mara tatu, na zote nane ziliisha kwa seti tatu bila. Yaani seti 24. Gazeti halina la kufanya na seti 24 zilizopotea; linaandika "waaga mashindano" na kurudi kwenye mpira wa Uingereza. Na mwandishi kijana naye anasubiri, ati atawaandika siku wakishinda.

Kwani ni mpaka washinde? Mtu aliyezoea kuwa jabali la bara zima anapanda ndege, anafika, na mbele yake wako Brazil. Nyumbani yeye ndiye wa kuogopwa. Hapa mpira aliozoea kuumaliza unarudishwa. Wengi wa mabinti hawa wamekulia kwenye vilabu vya waajiri, kama Kenya Prisons, Kenya Pipeline na benki ya KCB. Mtu anavua sare ya askari jela, anavaa jezi ya taifa, anapigwa na Poland, anarudi kuvaa sare. Asubuhi ya kurudi kazini, mfungwa gani anathubutu kumuuliza ilikuwaje? Mimi sihitaji kombe hapo. Nahitaji kurasa arobaini.

Kuna jambo jingine la ufundi ambalo wenzangu hamlitumii. Mataji manne ya kwanza, yale ya miaka ya tisini, yalichezwa kwa hesabu ya zamani: ukiacha seti ya tano, timu ilipata pointi pale tu ilipokuwa ndiyo iliyoanzisha mpira. Ukishinda mpira alioanzisha mwenzako hupati kitu, unapata haki ya kuanzisha tu. Watu wangeweza kuhemeana robo saa na ubao wa matokeo usisogee. Siku hizi kila mpira una pointi, mpaka 25. Basi anayeandika mechi ya 1995 kwa mwendo wa mechi ya 2023, pointi, pointi, pointi, ameshadanganya kabla hajaweka nukta. Sentensi za 1995 zinatakiwa zizunguke, zichoshe, zirudi mahali pale pale.

Na msiniambie Kiswahili hakina maneno. Kupokea, kupanga, kupiga, kuzuia, kuanzisha: tunayo yote, tena tunayatumia kila siku kwa harusi na matanga. Seta na libero yameshaingia lugha, yaacheni yakae. Lisilokuwepo ni mtu wa kukaa na mchezaji mmoja aliyestaafu, alasiri nzima, bila kumuuliza alishinda mataji mangapi. Wapo. Wengine wanapanda matatu moja na nyinyi.